Mikutano 20: namna ya kuutumia mkutano mkuu wa kijiji kujenga kijiji chenye haki

Ofisi ya kijiji chetu ina ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani, kando ya mlango. Kwa miaka mingi kilichokuwa kimebaki pale ni vipande vya picha za wagombea, jua limekwisha kuzifuta sura zao. Siku moja mama mmoja anayeuza maandazi stendi alisimama mbele ya ubao ule, akamwita mtendaji wa kijiji, kijana wa umri wa mwanawe wa pili.

"Mwanangu, hapa ndipo zinapobandikwa hesabu za fedha za kijiji?"

"Ndiyo mama, ni hapa."

"Mbona sizioni?"

Hakupaza sauti. Yule kijana naye hakukasirika, alijishika shavu tu akasema atalishughulikia. Wiki mbili baadaye ikabandikwa karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, wino wa bluu: mapato, matumizi, bakaa. Watu walijazana kuisoma kama wanavyojazana kusoma matokeo ya darasa la saba. Wengine walikuwa wakinyoosha kidole kufuata mistari. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na tangu siku hiyo sijawahi tena kuiona haki kama kitu cha kusubiri kutoka Dodoma.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kijijini Tanzania Bara, au aliyehamia mjini lakini wazazi wake na shamba lake viko kule. Nimeuandika kwa sababu naona mbele yetu kuna nafasi kubwa. Viongozi wa vijiji walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, na muda wao ni miaka 5. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Miaka 5 ni miezi 60. Gawa kwa 3, unapata mikutano 20. Mikutano 20 inatosha kabisa kukigeuza kijiji, mradi iitishwe kweli na sisi tuende tumejiandaa. Iliyokwisha kupita imepita. Tushughulike na iliyobaki.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani katika mkutano huo

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, haina mafumbo hapa. Wanaounda mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Haikusema wanachama wa chama fulani, wala wenye nyumba, wala "wazawa". Mwalimu aliyepanga chumba na anaishi hapo ni mjumbe wa mkutano. Binti aliyeolewa kijijini mwaka jana ni mjumbe. Mzee asiyejua kusoma ni mjumbe, na kura yake ina uzito uleule wa kura ya mwenye mashine ya kusaga.

Mkutano huo ndio mamlaka ya juu kuliko zote kijijini. Halmashauri ya kijiji, ile tunayozoea kuiita serikali ya kijiji, ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake hawapaswi kupungua robo yao. Mkutano ndio unaoichagua halmashauri hiyo na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Mwenyekiti anapofungua mkutano anasimama mbele ya wakubwa wake. Hili likikaa vizuri kichwani, hata namna unavyoinua mkono kuomba nafasi hubadilika.

Watu wengi huchanganya mwenyekiti na mtendaji. Mwenyekiti tumemchagua sisi. Mtendaji wa kijiji ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya na ndiye katibu wa vikao, kwa hiyo vitabu, mihutasari na barua viko chini yake. Ukitaka karatasi, nenda kwa mtendaji. Ukitaka mkutano uitishwe, mwenyekiti ndiye mwenye jukumu. Nimeona watu wakizungushwa miezi kwa sababu tu waligonga mlango usiohusika.

Na tusidhani haya yalikuwepo siku zote. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, mambo yakaendeshwa na maofisa wa mikoa na wilaya, na zilirudi katikati ya miaka ya 1980 baada ya sheria ile ya 1982. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Mlango umeshafunguliwa kisheria.

Hatua ya 2: Hakikisha mkutano unaitishwa, na saa inayofaa

Pita ofisini siku ya kazi. Salimia, kaa, kisha uliza mambo mawili: mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na unaofuata ni lini? Andika majibu kwenye daftari mbele ya mtendaji. Kuandika peke yake kuna nguvu, na si lazima useme neno lingine.

Ukikuta miezi mitatu imepita na hakuna tarehe, andikeni barua. Usiandike peke yako. Kusanya majina na saini za wakazi, tuseme 30, kutoka vitongoji tofauti na vyama tofauti. Barua ikionekana ni ya chama kimoja itajibiwa kisiasa, na mtakuwa mmepoteza robo mwaka nzima. Maneno yawe machache:

"Sisi wakazi wa kijiji hiki tuliosaini hapa chini tunaomba mkutano mkuu wa kijiji uitishwe. Mkutano wa mwisho ulifanyika tarehe fulani. Tunaomba agenda ziwemo: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji."

Peleka nakala mbili ofisini na nakala nyingine kwa mtendaji wa kata. Nakala moja urudi nayo ikiwa imegongwa muhuri, ina tarehe na saini ya aliyeipokea. Bila muhuri huo, baada ya miezi miwili utaambiwa hakuna barua iliyofika, na hutakuwa na la kujibu.

Sasa suala la saa. Kwetu mikutano ilikuwa ikiitishwa saa 4 asubuhi, na mara kadhaa ikaangukia siku ya gulio. Wanawake wako gulioni na matenga ya nyanya, vijana wako kwenye bodaboda wakibeba abiria wa gulio, mkutanoni wanakaa wazee na wajumbe. Kisha inasemwa "wananchi wameridhia". Tuliomba mkutano uhamie saa 9 alasiri, siku isiyo ya gulio, isiyo Ijumaa wala Jumapili. Hatukuongeza kitu kingine chochote. Siku ile akina mama walikuja na khanga zao wakatandika chini ya mwembe, na kwa mara ya kwanza nilisikia habari ya foleni ya maji ikizungumzwa na wale wanaoipanga foleni.

Wakati wa palizi au mavuno ulizeni pia kama watu wanatoka mashamba ya mbali. Kwenye vijiji vyenye wafugaji, ulizeni mifugo inanyweshwa saa ngapi.

Hatua ya 3: Walete wasiokuja

Hesabu kwa macho mkutano ujao. Wanaume wangapi, wanawake wangapi, walio chini ya miaka 30 wangapi? Kuna mtu yeyote mwenye ulemavu? Kama kuna mkazi anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu na mkutano uko juu ya kilima, basi mmeshamwambia asije, hata kama tangazo lilimfikia.

Tangazo nalo lina namna yake. Karatasi ya ubaoni haimfikii asiyesoma. Tumieni vipaza sauti vya msikiti na kanisa kwa ruhusa ya viongozi wa dini, wenyeviti wa vitongoji wapite nyumba kwa nyumba, na vijana waweke kwenye makundi ya WhatsApp. Tangazo litaje agenda. "Kutakuwa na mkutano muhimu, wote mnaombwa kuhudhuria" haimtoi mtu shambani. "Tutasomewa fedha za zahanati" inamtoa.

Mwanamke ambaye hajawahi kusema mkutanoni hasemi siku ya kwanza eti kwa sababu umemwambia ana haki. Nilichoona kikifanya kazi ni hiki: wanawake watatu wanne wakutane siku mbili kabla, kwenye kikoba chao au kisimani, wakubaliane swali moja na nani ataliuliza. Wengine wakubaliane kukaa karibu naye. Akisimama akakatishwa, wa pili anasimama: "Ndugu mwenyekiti, tunaomba mwenzetu amalize." Sentensi hiyo fupi nimeiona ikinyamazisha umati.

Hatua ya 4: Soma hesabu, hadi mfuko wa mwisho wa saruji

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Kwenye agenda zetu, fedha zilikuwa zikiwekwa chini kabisa, kwenye "mengineyo", jua linazama, watu wanawaza kufunga mbuzi. Ombeni taarifa ya mapato na matumizi iwe mara tu baada ya yatokanayo, watu wakiwa bado na nguvu. Isomwe polepole. Na ibandikwe ubaoni siku chache kabla, ili watu waje na maswali badala ya kuja kushtuka.

Taarifa yoyote ya fedha ina mambo manne: tulianza na kiasi gani, kiliingia kiasi gani na kutoka wapi, kilitoka kiasi gani na kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani. Bakaa ya taarifa iliyopita lazima iwe ndiyo mwanzo wa taarifa hii. Zisipolingana, uliza hapohapo, kabla ya kwenda mbele. Kilichobaki kiko benki au mkononi mwa nani? Kama ni benki, taarifa ya benki ipo?

Kisha hesabu mwenyewe upande wa mapato. Chukua mfano. Kijiji kina kaya 240 na mkutano ulikubaliana kila kaya itoe shilingi 5,000 za ujenzi. Hiyo ni shilingi 1,200,000. Taarifa inasema zimekusanywa 800,000. Basi kaya 80 hazijatoa. Sawa, inawezekana kabisa. Omba orodha ya waliotoa na namba za stakabadhi zao. Waambie majirani waje na stakabadhi zao. Ikiwa kwenye orodha hamna jina la mtu aliyeshika stakabadhi mkononi, mmepata pa kuanzia. Na mkumbushane kila siku: hakuna stakabadhi, hakuna malipo. Mtu anayepokea mchango na kuandika jina lako kwenye kijidaftari tu hajakupa ushahidi wowote.

Upande wa matumizi, usiishie kwenye karatasi. Nenda eneo la ujenzi. Boma la zahanati yetu lilikaa miaka minne limefika kwenye renta bila kupauliwa, nyasi zimeota ndani, popo wamehamia. Kila mtu alikuwa na hadithi ya nani amekula. Mwishowe mkutano ulichagua watu watano, wawili kati yao wanawake, wakae na fundi. Taarifa ilisema mifuko 60 ya saruji ilitumika kufyatua tofali. Fundi akasema kwa mchanganyiko aliotumia mfuko mmoja ulimpa tofali 30. Maana yake tofali 1,800. Wakahesabu zilizo ukutani na zilizopangwa chini ya mti, moja moja, mama wa maandazi akiweka alama za mkaa kwenye kila safu iliyohesabiwa. Wakapata 1,300 na kidogo.

Wangeweza kurudi wakipiga kelele za wizi. Walirudi na swali: tofali karibu 500, au saruji yake, vilikwenda wapi? Ikajulikana kwamba sehemu ya saruji ilimwagwa kwenye msingi na haikuandikwa, na mifuko mingine iliganda stoo kwa kuvujiwa na mvua. Iliyobaki haikupata maelezo. Aliyekuwa akitunza ufunguo wa stoo aliirudisha kwa fedha taslimu, kwa maandishi, mbele ya mkutano. Paa likapigwa msimu uliofuata wa kiangazi.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu mbili. Kwanza, uvumi uliotuumiza miaka minne ulikuwa mkubwa kuliko upotevu wenyewe, na watu wasio na hatia walikuwa wamepakwa matope humo. Pili, dawa ilikuwa kuhesabu. Kwa hiyo kila mradi uwe na daftari la stoo: tarehe, kimeingia nini, kimetoka nini, amechukua nani, saini. Ufunguo usikae kwa mtu anayenunua. Mzigo ukifika, washuhudie watu angalau watatu na wasaini hati ya kupokelea mzigo.

Na kuhusu michango yenyewe, haki haiko kwenye matumizi tu. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza kuni asitozwe sawa na mwenye duka la jumla. Mkutano una uwezo wa kuazimia nani asamehewe, na nani achangie kwa nguvukazi badala ya fedha. Semeni majina ya makundi, siyo majina ya watu, ili kusiwe na aibu. Kama mchango unakuja na faini kwa asiyetoa, ulizeni sheria ndogo iko wapi: sheria ndogo ya kijiji inatakiwa ifikishwe mbele ya mkutano na kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Kuchukuliwa kuku au sufuria kwa amri ya mdomo si sheria.

Hatua ya 5: Linda muhtasari

Maneno yanayopaa chini ya mwembe hayajengi kitu. Kinachobaki ni muhtasari. Kabla mwenyekiti hajafunga, ombeni katibu asome maazimio kwa sauti. Kila azimio liwe na mambo matatu: nini kitafanywa, na nani, kabla ya tarehe gani. "Serikali ya kijiji itafuatilia suala la maji" halina mtu wa kuuliza mkutano ujao. "Mwenyekiti na mjumbe wa kamati ya huduma za jamii wataonana na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani kabla ya tarehe 15, na kuleta majibu" lina mtu wa kuuliza. Wakati wa yatokanayo mnaanza na hilo.

Kuna jambo moja la hatari ambalo halisemwi vya kutosha. Orodha ya mahudhurio. Umesaini kwamba ulikuja kwenye mkutano wa elimu ya chanjo. Miezi sita baadaye karatasi ileile, yenye saini yako, imebanwa nyuma ya muhtasari unaosema kijiji kimeridhia kumgawia mtu ardhi. Njia ya kuzuia ni rahisi. Kila ukurasa wa orodha uandikwe juu tarehe na agenda za mkutano huo kabla mtu wa kwanza hajasaini. Mkutano ukiisha, katibu apige mstari chini ya jina la mwisho na kuandika idadi ya waliohudhuria. Kijana mmoja apige picha kila ukurasa kwa simu. Usisaini ukurasa mtupu, hata kwa ndugu yako.

Hatua ya 6: Ardhi, na jina la mwanamke kwenye hati

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ilianza kutumika Mei 2001, na ni kati ya sheria ninazotamani kila binti wa kidato cha pili aisome. Inasema haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi ni sawa na ya mwanamume. Inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo ni batili. Inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kwanza. Na inaweka baraza la ardhi la kijiji la watu 7, watatu kati yao angalau wawe wanawake, ambao majina yao yanathibitishwa na mkutano. Baraza hilo ni la kusuluhisha.

Mambo ya kufanya: ulizeni mkutanoni baraza la ardhi lipo, wajumbe ni nani, muda wao umeisha au la. Zoezi la hati za hakimiliki za kimila likifika kijijini, wanandoa waombe majina yote mawili yaandikwe. Usiliache kwa afisa aamue, wala kwa karani aliyechoka saa 11 jioni. Mjane ambaye mumewe ndiye pekee aliyeandikwa asisubiri ugomvi na mashemeji ndipo aanze kutafuta mashahidi wa mipaka. Wazee wanaoijua mipaka wapo leo. Waandikwe wakiwa hai.

Na kwa wanandoa walioko mjini: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Hili linakwenda pande zote mbili.

Hatua ya 7: Fedha za asilimia 10

Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa. Kikundi kinachofanikiwa ni kile kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na daftari la vikao linaloonyesha kwamba mlikuwa mkikutana hata kabla ya kusikia habari ya mkopo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Mkutano mkuu ni mahali pazuri pa kumwalika aje aeleze masharti mbele ya wote, ili habari isibaki kwa wachache walio karibu na ofisi.

Hatua ya 8: Mambo yakikwama

Yatakwama. Usikate tamaa na usiruke ngazi bila sababu. Anza na mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata na diwani, kisha mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Kila mahali barua, kila barua muhuri wa kupokelewa. Mkinyimwa nyaraka, ombeni rasmi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Pakiwa na dalili za rushwa, TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113. Kwa mashauri ya ardhi na mirathi tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi, na huduma yao ni bure.

Katika yote hayo, mheshimu mtu unayemhoji. Mtendaji wetu yule kijana alikuwa akifanya kazi za watu watatu, hana hata ream ya karatasi. Tulipojua hilo, mkutano uliazimia inunuliwe. Wengi wao wakikuta wananchi wanaofuatilia kwa heshima hupata nguvu ya kukataa maagizo mabaya kutoka juu, maana sasa wana mgongo. Ila akiwepo kiongozi anayetisha watu, anayegoma kuitisha mikutano, anayeuza ardhi ya kijiji usiku, kumbukeni hatua ya 1. Mkutano uliomweka una uwezo wa kumwondoa, kwa agenda iliyotangazwa, kwa kura, kwa muhtasari safi.

Hatua ya 9: Waacheni watoto wasikilize

Kwetu watoto hupanda juu ya ukuta wa stoo ya zamani na kuutazama mkutano kutoka pale. Zamani walifukuzwa. Siku hizi tunawaacha, na mwalimu mmoja wa darasa la sita huwapa kazi ya kuandika maazimio matatu waliyoyasikia. Mara moja daftari la binti mmoja lilitumika kusahihisha tarehe iliyokosewa kwenye muhtasari, katibu akamshukuru hadharani.

Binti huyo alikuwa na miaka 13 wakati wa uchaguzi wa 2024. Uchaguzi ujao wa vijiji ukifika mwaka 2029 atakuwa ametimiza 18, mjumbe kamili wa mkutano mkuu, na ameshahudhuria mikutano mingi kuliko baadhi ya watakaogombea. Kwa sasa anataka kujua kwa nini kisima kimechimbwa upande wa barabara kuu wakati kaya nyingi ziko bondeni. Swali lake limeandikwa kwenye agenda ya robo ijayo, baada ya yatokanayo.